Ibara ya Ishirini na Tatu

Kazini waliniita Cherehani, na sikuwahi kulikataa jina hilo. Mimi ni katibu wa mezani bungeni. Ukitazama ukumbi wetu kutoka juu, kwenye viti vya wageni, utamwona Spika kwenye kiti chake kikubwa, na chini yake meza ndefu yenye watu watatu waliovaa majoho meusi ambao hakuna anayejua kazi yao. Mmoja wao ni mimi. Wabunge wa serikali wanakaa upande huu, wa upinzani upande ule, wanarushiana maneno juu ya vichwa vyetu, na sisi tumekaa katikati na uso mkavu kama watu wanaosubiri zamu kwa kinyozi. Muswada ukifika hatua ya kupitiwa ibara kwa ibara, ndipo ninaposimama na kufanya ninacholipwa mshahara, yaani kutaja namba.

Usicheke, kutaja namba ni kazi. Hatua hiyo inaitwa Kamati ya Bunge Zima. Watu ni walewale na ukumbi ni uleule, ila siwa, lile rungu la heshima la Bunge, inaondolewa juu ya meza na kuwekwa chini, na Spika anashuka kwenye kiti chake anakuwa Mwenyekiti. Mimi nasema, "Ibara ya kwanza." Mwenyekiti anauliza wanaoafiki, ukumbi unasema ndiyo, ibara imepita, nataja ya pili. Nilikuwa naweza kumaliza ibara arobaini kabla chai haijapoa, na ndiyo maana ya hilo jina. Kama mbunge ana rekebisho, jina lake linakuwa kwenye jedwali la marekebisho. Nikitaja tu ibara yake, Mwenyekiti anamwita, anasimama, anatoa hoja. Asipokuwepo kitini anaitwa mara moja, na rekebisho lake linakufa hapohapo, hata kama aliliandika kwa mwaka mzima. Kanuni hazina huruma. Kwa miaka ishirini na moja nilijivuna kwamba nazijua bila kufungua kitabu.

Lakini palikuwa na jambo moja ambalo halikuandikwa popote. Katibu aliyenifundisha kazi, ambaye sasa amestaafu, aliniambia wiki yangu ya kwanza kwamba kabla sijataja ibara yenye jina la mtu, niinue macho nitazame kiti chake. Kikiwa kitupu, nitafute miwani. Nikamwambia sivai miwani. Akasema basi kanunue.

Nikaenda nikanunua ya vioo vitupu, maana macho yangu ni mazima mpaka leo, naweza kusoma kalenda iliyo ukuta wa pili. Kiti kikiwa kitupu, nilijipapasa mifukoni, nikainua karatasi moja baada ya nyingine, nikaipata miwani, nikaifuta, nikaitazama kwenye mwanga, nikaifuta tena. Wakati huo mhudumu wa ukumbi ameshatoka mbio kumtafuta mheshimiwa kantini au chooni, na mheshimiwa anaingia bado anatafuna. Mwenyekiti alijua, akajitia hamnazo. Wabunge walijua pia. Niliwatafutia miwani wa serikali na wa upinzani, wanaonisalimia na wanaonipita kama nguzo. Mawaziri wawili niliwatafutia. Mara moja nilimtafutia mbunge ambaye asubuhi yake alikuwa amesema ndani ya ukumbi kwamba makatibu wa meza ni gharama isiyo na faida.

Mwaka ule ukaja muswada wa nyumba za mashirika ya umma. Zamani mfanyakazi akifariki, familia yake ilikaa kwenye nyumba ya shirika mpaka meneja aone haya kuwaambia wahame, na mameneja wengi walikuwa na haya ya kutosha. Sasa ibara ya ishirini na tatu ilisema familia ihame ndani ya siku tisini, na kwamba hilo litazihusu hata familia ambazo zilifiwa kabla ya sheria kuanza.

Dada yangu alikuwa kwenye nyumba kama hiyo. Shemeji alikuwa fundi wa pampu katika shirika la maji, na alikuwa amefariki miezi mitano nyuma. Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili na ua wa saruji, na ukuta wa chumba cha nyuma ulitetemeka kidogo kila pampu zilipowashwa. Ule ukuta naujua kwa sababu nililala nimeuegemea miaka minane. Wazazi wetu walipotutoka nilikuwa na miaka kumi, na dada alikuwa bibi harusi wa miezi sita. Alimwambia mumewe kwamba mdogo wake anakuja kukaa nao. Hakuomba, alimwarifu. Shemeji akaenda kutafuta godoro.

Dada alikuwa na watoto watatu. Wakubwa wawili walikuwa wameshajitegemea, wa mwisho alibakiza miaka miwili amalize sekondari, na shule yake ilikuwa hatua mia tatu kutoka mlangoni. Miaka miwili tu, dada hakutaka zaidi ya hapo.

Mbunge wa jimbo lile alikuwa kipindi chake cha kwanza, mkunga mstaafu, na watu wote, hata wabunge wenzake, walimwita Mama Mkunga. Kampeni zake zilikuwa kichekesho. Alikuwa anasimama jukwaani ananyoosha kidole katikati ya umati anasema, wewe nilikupokea mimi, na wewe, na wewe ulitoka umetanguliza miguu ukanisumbua mpaka alfajiri, sasa leo kura yangu iko wapi? Alishinda kwa kura mia mbili na kumi na mbili. Alipoisoma ibara ya ishirini na tatu aliandika rekebisho kwamba maneno "siku tisini" yafutwe, na familia ikae mpaka mtoto wa mwisho amalize shule. Alilipeleka kwenye kamati inayohusika, akabishana, akashindwa, akamfuata Waziri ofisini kwake mara tatu, mpaka Waziri akaandika kwamba Serikali haina pingamizi. Kazi yote ilikuwa imekwisha. Kilichobaki ni yeye kusimama siku hiyo na kusema, naomba kutoa hoja.

Kazini hakuna aliyejua habari za dada yangu. Ningemwambia mkuu wangu, angemweka mwenzangu asome, na mambo yangeisha vizuri bila mimi. Sikumwambia. Nilijiambia kwamba mimi nataja namba, na namba haina shemeji. Ukweli ni kwamba niliogopa isije ikasemwa koridoni kuwa Cherehani naye ana watu wake ndani ya muswada. Jina langu lilikuwa safi na nililipenda kuliko inavyofaa mtu kulipenda jina lake.

Siku moja kabla, dada alinipigia simu akasema wajane wa kota, zile nyumba za shirika, wamepata nafasi ya kuja bungeni kusikiliza, yeye akiwa mmoja wao, wako tisa. Hakuniomba kitu. Hakujua hata kama kuna kitu cha kuomba. Alisema tu kwamba miaka yote anasikia nafanya kazi bungeni, sasa ataona kwa macho yake.

Kesho yake mchana tukaingia Kamati ya Bunge Zima. Nilikuwa kwenye ibara ya nne mhudumu alipomletea Mama Mkunga kikaratasi. Baadaye nilijua kilichoandikwa. Wageni wake walikuwa wamezuiwa getini kwa sababu barua yao ilikuwa na tarehe ya siku inayofuata, na walinzi walitaka sahihi ya mbunge mwenyewe kwenye ofisi yao. Mama Mkunga alikisoma, akatazama jedwali, akahesabu ibara zilizobaki kwa kidole, kisha akanitazama mimi. Aliinua kidole kimoja, kwamba narudi sasa hivi. Nilikiona kidole kile. Akatoka.

Kati ya ya nne na ya ishirini na tatu hapakuwa na rekebisho hata moja. Nilizitaja kama kawaida yangu. Nilipomaliza ya ishirini na mbili niliinua macho, maana mazoea ni mazoea, na kiti chake kilikuwa kitupu.

Kushoto kwangu alikaa mwenzangu, mwanamke ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kazi, miwani na yote. Alisukuma kile kifuko cha miwani kwa ncha ya kalamu mpaka kikagusa mkono wangu. Sikukichukua. Nilikuwa nawaza, na nilichowaza nakikumbuka neno kwa neno, kwa sababu nimekirudia mara nyingi tangu siku ile. Niliwaza kwamba siku moja itajulikana kuwa dada yangu alikuwa kwenye nyumba zile, na watu watauliza, je, siku ile Cherehani alifanya nini? Na jibu nililitaka liwe kwamba Cherehani alisoma tu.

Nikasema, "Ibara ya ishirini na tatu."

Mwenyekiti alinitazama kwa mshangao, mara moja tu. Alimwita mheshimiwa mbunge kwa jina la jimbo lake, mara moja kama kanuni inavyotaka. Akasema hayupo, tuendelee. Waziri aliinua macho kwenye makaratasi yake, akayashusha. Ukumbi ukasema ndiyo, kwa sauti ileile ya uvivu ambayo ulisemea ibara nyingine zote. Mwenzangu akakivuta kile kifuko akakirudisha mahali pake.

Nilikuwa kwenye ibara ya ishirini na sita mlango ulipofunguliwa. Baadaye nilisikiliza kanda ya kikao nikiwa na saa mkononi. Tangu nilipoitaja ya ishirini na tatu mpaka mlango ule, ilikuwa sekunde hamsini na nne. Kuna siku nilimtafutia mtu miwani dakika tatu nzima. Mama Mkunga aliingia anahema, na juu, kwenye viti vya wageni, wanawake tisa walikuwa wanaketi mmojammoja. Dada alikaa mbele. Aliponiona alinipungia mkono, na mlinzi akamwinamia kumwambia kwamba wageni hawaruhusiwi kupunga. Aliushusha, lakini tabasamu hakulishusha. Mimi nikataja ibara ya ishirini na saba.

Mama Mkunga alikuja mpaka mezani, akainama.

"Katibu, ya ishirini na tatu tumeshafika?"

"Imeshapita, Mheshimiwa."

"Siwezi kurudi?"

"Kamati hairudi nyuma, Mheshimiwa."

Kila neno hapo ni kweli kikanuni. Ambacho sikusema ni kwamba kuna mlango mwingine mdogo. Kamati ikimaliza na Spika akirudi kwenye kiti chake, kabla muswada haujasomwa mara ya tatu, mbunge yeyote anaweza kusimama akaomba urudishwe kamatini kwa ajili ya ibara moja. Serikali ikiwa haina pingamizi, jambo lote linachukua dakika tano. Wabunge wakongwe wanaufahamu. Mama Mkunga alikuwa mgeni, aliuliza kama kamati inarudi nyuma, na mimi nikamjibu alichouliza. Akarudi kitini kwake akakaa, mikono mapajani. Spika alirudi kwenye kiti, Waziri akatoa taarifa, na nikasimama mimi mwenyewe kusoma jina refu la muswada kwa mara ya tatu, kama sheria inavyotaka. Sauti yangu haikukwama popote.

Nje, dada alinisubiri karibu na geti. Alinishika mikono yote miwili akaniambia sauti yangu ilikuwa inafika mpaka kule juu, na kwamba marehemu angeisikia angefurahi. Kisha akauliza, yetu wamesemaje?

Hapo ndipo ningesema. Badala yake nilimwambia kwamba rekebisho halikutolewa, kwa sababu Mama Mkunga hakuwepo kitini. Akaniachia mikono. Akauliza mbunge alikuwa wapi. Nikasema alitoka. Yeye na wenzake hawakuwa wamemwona, maana ofisi ya walinzi iko ndani ya geti la pili na wao walikuwa nje ya geti la kwanza. Waliambiwa tu piteni, wakapita. Nilijua alikokuwa amekwenda, na sikumwambia.

Rais akatia sahihi na barua za siku tisini zikatoka. Dada alihamia kwangu, chumba cha nyuma, na vitu visivyoenea akawagawia majirani. Mtoto alihamishwa shule katikati ya mwaka, na huko alikohamia hawakuwa wamefika alikofika, au walikuwa wamempita, sijui. Alirudia darasa, kisha akaacha. Sasa anafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi na hazungumzii shule.

Mwaka uliofuata ukawa wa uchaguzi. Mpinzani wa Mama Mkunga hakuhitaji sera. Alichukua ukurasa mmoja wa taarifa rasmi za Bunge, akautoa nakala elfu kadhaa, akaubandika kila ukuta wa jimbo. Ulikuwa umeandikwa kwamba ibara ya ishirini na tatu ilipitishwa na Kamati ya Bunge Zima bila mabadiliko yoyote. Mama Mkunga alisimama jukwaani akaeleza kwamba alitoka kwenda kuwawekea sahihi wajane wenyewe. Watu wakamzomea. Wakasema tazameni, anawatupia wajane lawama. Dada yangu alikuwa kwenye mkutano ule, na ndiye aliyepaza sauti kwamba hawakumwona getini hata kivuli chake. Tangu hapo alizunguka nyumba kwa nyumba, yeye na wenzake, wakiwaambia watu kwamba yule mama aliwauza. Alikuwa anarudi jioni na miguu imevimba, na mimi namwandalia maji ya moto ya kukandia.

Mama Mkunga alishindwa kwa kura zaidi ya elfu tatu.

Matokeo yalitangazwa asubuhi ya Jumamosi. Mchana dada alikuwa barazani anakunja nguo, na nilikuwa sijamwona amechangamka vile tangu msiba. Alisema sasa na yeye atajua kuhama kulivyo. Alisema Mungu halali. Akacheka, akaniuliza mbona nimenuna kama aliyeshindwa ni mimi.

Nikamwambia yote. Nilianzia kwenye miwani, maana bila hiyo asingeelewa, nikaenda kwenye kikaratasi, kidole kimoja kilichoinuliwa, kalamu ya mwenzangu, sekunde hamsini na nne, na ule mlango mdogo. Mikono yake iliendelea kukunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Kwa hiyo wengine wote ulikuwa unawasubiri," alisema.

"Ndiyo."

"Hata huyo aliyekutukana."

"Hata yeye, dada."

"Sasa ungemsubiri huyu mama siku ile, ungefukuzwa kazi?"

"Hapana."

"Wangekuonya? Wangekukata mshahara?"

"Hapana. Hakuna ambaye angesema kitu. Ni jambo la kila siku."

Aliweka lile shati juu ya mengine akalilaza vizuri kwa kiganja. Nilisubiri anitukane. Nilikuwa tayari kwa tusi lolote, na nadhani nililihitaji. Alikuwa na miaka hamsini na saba, na siku ile kwa mara ya kwanza niliuona umri huo usoni pake.

"Bora ungeniambia ungefukuzwa," alisema.

Nikaanza kusema kwamba nilidhani natenda haki, kwamba niliogopa upendeleo. Alinisikiliza mpaka maneno yakaniishia yenyewe. Kisha akaniuliza Mama Mkunga anakaa wapi. Nikamwelekeza, karibu na zahanati ya zamani, nyumba yenye geti la kijani, nikainuka nichukue funguo za gari ili nimpeleke.

"Wewe kaa," aliniambia, na alikuwa ameshavaa viatu. "Mimi ndiye niliyemtukana mbele ya watu. Nikifika na wewe, nitamwambiaje, huyu ni nani?"

Nilimtazama akivuka barabara, anachechemea kidogo kwa ile miguu aliyoichosha kwenye kampeni. Alimsimamisha mtu kumuuliza njia, ingawa nilikuwa nimeshamwelekeza.